Makundi ya akina mama kwenye WhatsApp: anayejibu ni mama mwenzako, ama ni muuzaji?

Saa nne za usiku, iwe Goma, Bukavu, Uvira ama Butembo, mambo yanafanana. Umeme umekatika, mtoto wa wiki tatu analia, baba amegeukia ukuta, na mama anaandika kwenye simu kwa kidole kimoja: « Bamama, mutoto wangu analia usiku muzima. Naona maziwa yangu haitoshe. Nifanye je? »

Haipiti dakika mbili, majibu yanaanza kuingia. Wa kwanza anatuma pole. Wa pili anamshauri anywe uji mwingi na asikate tamaa. Wa tatu anaandika: « Hata miye ilinifikia. Nilimupatia maziwa ya kopo, tangu siku ile analala mpaka asubui. » Chini ya maneno hayo kuna picha ya kopo, na jina la kampuni linasomeka vizuri.

Jibu la tatu ndilo linaloshika moyo. Halikutoka redioni, wala kwenye bango kubwa la barabarani. Limetoka kwa mtu aliyepita njia ile ile, ndani ya kundi ambamo watu wanaitana mama na dada. Hakuna anayemuuliza kama kopo lile alilinunua kwa pesa yake ama alipewa bure, wala kama kuna mtu alimwomba aandike.

Mara nyingi jibu la namna hiyo ni la kweli: mama amesimulia yaliyomfikia, basi. Lakini katika nchi mbalimbali imethibitika kwamba nyuma ya sauti kama ile kunaweza kuwa na kampuni iliyolipa ili maneno yaandikwe. Na pesa hiyo inanunua vitu viwili kwa mara moja: maneno yenyewe, na ukimya juu ya yule aliyeyalipia.

Tarehe 28 mwezi wa nne 2022, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa ripoti juu ya jambo hilo. Wachunguzi walitumia programu za kompyuta zinazofuatilia mazungumzo ya mitandao, wakapitia maandishi milioni 4 yaliyohusu kulisha watoto wachanga, yaliyowekwa mitandaoni kati ya mwezi wa kwanza na wa sita 2021. Maandishi hayo yalifikia watu bilioni 2,47. Waliona pia kwamba kurasa za makampuni ya maziwa ya kopo zilikuwa zinaweka kitu kipya mara 90 hivi kila siku, na kufikia watumiaji milioni 229. Hao ni mara tatu ya watu waliofikiwa na habari za kunyonyesha zilizotoka kwa wasiouza kitu.

Ripoti inataja njia zinazotumika: programu za simu kwa wenye mimba, « klabu » za watoto, makundi ya kusaidiana, mashindano yenye zawadi, huduma za ushauri, na watu mashuhuri wa mitandao wanaolipwa. Kwa njia hizo makampuni yananunua ama yanakusanya habari za mama, kama vile tarehe anayotazamia kujifungua, kisha yanamtumia ujumbe uliopimwa kwa saa yake ya shida. Biashara hiyo ilikuwa na thamani ya dola bilioni 55 kwa mwaka.

Hesabu hizo ni kubwa, lakini neno zito liko penginepo. OMS inasema mara nyingi matangazo hayo hayatambulikani kama matangazo. Mama anayaona, anayasoma, pengine anawatumia wenzake, na bado hajui kwamba kuna mtu aliyekuwa anamuuzia kitu.

Mtoto analia, kopo linaingia

Kuna watakaosema: kwani kuna ubaya gani? Ni maziwa tu, si sumu. Kampuni imetengeneza chakula, mama amepata usingizi.

Jibu liko ndani ya titi lenyewe. Maziwa ya mama yanatengenezwa kadiri mtoto anavyonyonya. Akinyonya sana, mwili unaongeza. Akipunguza, mwili nao unapunguza. Siku mama anapomuingizia biberoni kwa hofu kwamba maziwa hayatoshi, mtoto anashiba kopo, ananyonya kidogo, na baada ya siku chache maziwa yanapungua kweli. Hofu iliyokuwa ya uongo inageuka kuwa ya kweli, na kopo linakuwa deni la kila wiki.

Deni hilo si dogo. Mtoto wa miezi mitatu asiyenyonya kabisa anamaliza kopo la gramu 400 kwa siku tatu hadi nne. Mama anayeishi kwa kuuza makala ama ndizi hawezi kufuata mwendo huo. Hapo ndipo anaanza kurefusha: vipimo viwili vya unga badala ya vitatu, maji yanabaki yale yale. Tumbo la mtoto linajaa, mwili unakosa. Na hayo maji yenyewe? Katika mji ambamo watu wanabeba bidoni kutoka ziwani na kipindupindu kinarudi mara kwa mara, kila biberoni ni swali. Maji yalichemshwa? Chupa ilioshwa na nini? Mnamo 2016, wataalamu walioandika katika jarida la Lancet walikadiria kwamba kama kunyonyesha kungeenea inavyotakiwa, vifo vya watoto zaidi ya 800 000 vingeepukwa kila mwaka katika nchi zenye mapato madogo na ya kati.

Haimaanishi kwamba kopo ni adui. Kuna yatima, kuna mama mgonjwa anayetumia dawa zinazokataza kunyonyesha, kuna mama aliyefariki akijifungua. Kwa watoto hao maziwa ya unga yanaokoa maisha, na familia inayoyatumia haipaswi kuonewa haya. Lakini uamuzi ule unapitia kwa munganga anayeuona mwili wa mtoto, anayeeleza namna ya kuchanganya na kuchemsha. Sauti iliyolipwa usiku haina kazi hiyo. Haimuoni mtoto, na haitarudi kuuliza kama ameharisha.

Mavazi meupe ya Singapore

Aliyeona mapema hila hii alikuwa daktari mmoja wa watoto, Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica. Wanaofuata mambo ya lishe Kivu wanapaswa kumfahamu, kwa kuwa ndiye aliyeuelezea ulimwengu wa matibabu ugonjwa wa kwashiorkor, mnamo miaka ya 1930, akiwa kazini huko Gold Coast, Ghana ya leo. Neno lenyewe alilichukua kwa Waga, wenyeji wa kule: ugonjwa unaompata mtoto pale mdogo wake anapozaliwa na kumtoa kwenye titi. Huku Bukavu na vijiji vya Bushi, watu waliujua ugonjwa huo kwa jina lao, bwaki.

Kutoka Afrika, Williams alihamishiwa Malaya na Singapore. Huko alikuta kampuni za maziwa ya kopo zikiajiri wasichana, zikiwavalisha kama wauguzi, na kuwatuma kwenye nyumba za watu maskini waliotoka kujifungua. Msichana anaingia, mavazi meupe, maneno matamu, anamwambia mama kwamba maziwa ya kopo yana nguvu kuliko yake. Mama anaona muuguzi. Kampuni inaona muuzaji. Mwaka 1939, mbele ya wanachama wa Rotary wa Singapore, Williams alisema vifo vinavyotokana na propaganda hiyo vinapaswa kuhesabiwa kama mauaji. Hotuba yake iliitwa « Maziwa na mauaji ».

Ilichukua zaidi ya miaka 40 dunia ikubaliane naye. Katika miaka ya 1970, kelele dhidi ya makampuni ya maziwa zilipanda, hasa dhidi ya Nestlé. Kijitabu kilichotoka Uingereza mwaka 1974 kilitafsiriwa Uswisi kwa kichwa kilichosema wazi kwamba kampuni hiyo inaua watoto. Nestlé ilishitaki, na mwaka 1976 ikashinda: wanaharakati walitozwa faini ndogo ya faranga 300 kila mmoja. Lakini hakimu aliiambia kampuni kwamba nayo inapaswa kuangalia upya namna yake ya kutangaza biashara. Mwaka uliofuata kukaanza mgomo wa kutonunua bidhaa zake.

Tarehe 21 mwezi wa tano 1981, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha Kanuni ya kimataifa juu ya biashara ya vyakula vinavyoshika nafasi ya maziwa ya mama. Nchi 118 zilikubali, 3 hazikuchagua upande, moja tu ilikataa: Marekani. Kanuni hiyo inakataza kutangaza maziwa hayo kwa raia na kuwapa akina mama kopo za kuonja bure. Na inasema wafanyakazi wa biashara wasitafute kukutana na wenye mimba wala akina mama wa watoto wachanga, iwe moja kwa moja ama kwa njia ya kuzunguka.

Maneno hayo ya mwisho yaliandikwa wakati simu ilikuwa bado ya waya. Na bado yanaingia vizuri ndani ya kundi la WhatsApp. Msichana wa Singapore alivaa mavazi ya muuguzi kwa sababu siku zile muuguzi ndiye aliyeaminiwa. Leo anayeaminiwa ni mama mwenzako mwenye mtoto mgongoni. Kampuni imebadilisha nguo tu.

Akaunti tatu kwa kila mfanyakazi

Hila hiyo haikubaki kwa maziwa. Mwezi wa kumi 2013, huko Taiwan, tume inayosimamia biashara ya haki iliitoza Samsung faini ya dola za Taiwan milioni 10, karibu dola 340 000 za Marekani. Watu walikuwa wamelipwa ili waingie mitandaoni kama wateja wa kawaida, wasifu simu za Samsung na kuponda zile za HTC, kampuni ya nyumbani. Aliyesoma alifikiri anasikiliza wanunuzi wenzake wakibishana.

Kesi inayofundisha zaidi ni ya vipodozi. Sunday Riley ni kampuni ya Marekani inayouza mafuta ya ngozi ya bei kali, na bidhaa zake zinauzwa kwenye duka la mtandaoni la Sephora, ambako wanunuzi wanaandika maoni yao. Kati ya 2015 na 2017, mwenyewe wa kampuni na wakubwa wake waliwaamuru wafanyakazi waandike maoni ya kusifu, kana kwamba ni wateja. Barua ya ndani iliwaambia kila mmoja afungue akaunti tatu zenye majina tofauti, ikawafundisha jinsi ya kuficha kompyuta inakotokea, na ikawaomba wabonyeze alama ya kukataa kila wanapoona mteja analalamika, kwa kuwa alama zikizidi lalamiko linaondolewa. Mwaka 2018 barua hiyo ilivujishwa na mtu aliyejieleza kuwa aliwahi kufanya kazi mle ndani.

Hapa inafaa kusimama kidogo. Wengi wakisikia habari hii wanakasirishwa na sifa za uongo. Lakini ile amri ya pili ni mbaya zaidi. Sifa ya uongo inaongeza sauti moja ndani ya kundi. Kuzima lalamiko kunamnyamazisha mtu wa kweli aliyeungua ngozi na akataka kuwaonya wengine. Hapa Kongo, ambako mafuta ya kung'arisha ngozi yanauzwa kila soko na akina dada wanashauriana kwenye simu ni yapi « yanashika », lalamiko lililozimwa linaweza kuwa ndilo neno pekee lenye faida katika ukurasa mzima.

Mwisho wa kesi hiyo uliwashangaza watu. Mnamo 2019, FTC, ofisi ya Marekani inayolinda wanunuzi, ilikubaliana na kampuni kwamba haitarudia. Haikulipa hata senti. Wawili kati ya makamishna watano walipinga, wakisema makubaliano ya namna hiyo hayamtishi mtu.

Mla likelemba bila kuchanga

Anayetaka kuelewa kosa lenyewe liko wapi anaweza kwenda Kadutu ama soko la Virunga. Mama anayepanga vitenge na kuita « njoo mama, karibu dada, hii ni ya mwisho! » hadanganyi mtu. Kila mmoja anajua anauza, na kila mmoja anasikiliza sifa zake akiwa na chumvi mkononi. Hata akizidisha, mnunuzi anajua kupunguza.

Lakini karibu na mchezo wa karata tatu kuna kijana anayesimama kati ya watazamaji, anaweka pesa, anashinda, anaruka kwa furaha. Ni mtu wa mwenye karata. Yeye hasemi neno lolote la uongo. Ameshinda kweli, wote wameona. Uongo uko katika mahali aliposimama.

Ndiyo sababu hoja ya « lakini maziwa ni mazuri kweli » haitoshi. Inawezekana ni mazuri. Inawezekana mama aliyeandika anayapenda kwa roho yote. Swali la mama mwenye mtoto anayelia lilikuwa lingine: mtu asiye na faida katika jibu langu anasemaje? Aliyelipwa amelijibu akiwa na faida mfukoni, na amelificha hilo.

Kundi la akina mama halina mshahara. Mmoja anaamka usiku kumjibu asiyemjua, mwingine anaeleza jinsi mwanawe alivyopona surua, wa tatu anatoa namba ya maternite inayopokea vizuri. Kila mmoja anachanga kidogo, na siku yake ya shida ikifika anapokea. Ni likelemba, ila badala ya franka wanaweka imani. Kampuni inayoingia kwa mlango wa nyuma inachukua kutoka katika sanduku lile bila kuweka kitu. Siku wenzake wakigundua, hawamkatai yeye peke yake: wanaanza kushuku kila jibu, hata la yule aliyetaka kusaidia bure. Hasara inawafikia wote.

Na yule anayelipwa? Hapo hukumu inataka upole. Katika miji ambamo kijana mwenye diplome anakaa miaka bila kazi, kuahidiwa mega na dola kumi ili aandike mistari mitano si jambo dogo. Wafanyakazi wa Sunday Riley nao waliamriwa na bosi wao. Anayeandika ana sehemu yake, lakini mzigo unapimwa kulingana na anayejua yote: nani aliyepanga, nani aliyetoa pesa, nani aliyeagiza jina la kampuni lisitajwe. Mara nyingi huyo hayumo ndani ya kundi.

Kuna pia eneo la ukungu. Mama amepewa kopo mbili bure, bila mkataba wala masharti, akapenda, akaandika. Je, amedanganya? Sheria za Marekani zinajibu kwa urahisi usiotazamiwa: hata zawadi ni uhusiano, na msomaji ana haki ya kuujua. Hakatazwi kusifu. Anatakiwa aongeze maneno matano: « Kopo hili nilipewa na kampuni. » Ni ajabu jinsi maneno matano yanavyogomewa. Makampuni yanajua kwamba yakiandikwa, nusu ya nguvu ya ushuhuda inakwisha.

Sheria ziko, mlango umefungwa

Umoja wa Ulaya ulishakataza mwaka 2005 mfanyabiashara kujifanya mnunuzi. Ufaransa ilipitisha tarehe 9 mwezi wa sita 2023 sheria inayowalazimisha watu mashuhuri wa mitandao kuonyesha wazi kwamba wamelipwa. Anayekaidi anaweza kufungwa miaka miwili na kutozwa euro 300 000. Marekani nayo, baada ya aibu ya kesi kama ile ya vipodozi, ilitoa kanuni mpya iliyoanza kazi tarehe 21 mwezi wa kumi 2024: maoni ya uongo yanakatazwa, na mwaka huo kila kosa liliweza kugharimu hadi dola 51 744. Na mwezi wa tano 2025, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliomba nchi zisimamie matangazo ya maziwa ya watoto kwenye mitandao.

Kongo ina Code du numérique tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inayogusa biashara ya mtandaoni na ulinzi wa habari za watu. Lakini kundi la WhatsApp si duka la barabarani. Linaweza kubeba watu hadi 1 024, ujumbe umefungwa kwa ufunguo, na hakuna mkaguzi wa serkali anayepita mle kuuliza bei. Facebook na TikTok angalau ziko wazi kwa macho ya wote. Kundi la usiku linaonwa na waliomo peke yao.

Kwa hiyo anayeshika mlango ni admini. Kazi hiyo hakuiomba, pengine alifungua kundi kwa ajili ya wamama kumi wa kanisa ama wa kartie, na leo wako mia tatu, nusu hawajulikani sura. Baadhi ya makundi yamejiwekea utaratibu mwepesi: siku moja ya juma kwa wanaouza, na anayeuza aseme anauza. Mama wa vitenge anapata siku yake, mwenye sabuni na mwenye mafuta vilevile. Mwenye kuandika sifa za bidhaa siku nyingine anaulizwa mbele ya wote: umeinunua ama umepewa? Swali hilo si tusi. Mama mkweli analijibu kwa sekunde tatu.

Alama nyingine zinaonekana kwa anayeangalia: namba iliyoingia jana na haijawahi kuuliza wala kujibu kitu kingine, maneno yale yale yaliyoonekana katika kundi la pili, picha ya kopo iliyopigwa kwa mwanga mzuri mno kuliko chumba cha mtu saa nne za usiku. Hakuna hata moja inayotosha kumhukumu mtu. Zote pamoja zinatosha kumuuliza.

Wauguzi wa maternite nao wana jibu kwa lile swali la usiku, na halitaji jina la kampuni. Mtoto wa wiki tatu kuamka kila saa mbili ama tatu ni jambo la kawaida, tumbo lake ni dogo. Kulia peke yake si alama ya njaa. Kinachohesabiwa ni mikojo: nepi sita ama zaidi zilizolowa kwa usiku na mchana zinaonyesha kwamba maziwa yanaingia. Kinachofuata ni kilo, kwenye mizani ya CPS. Kama uzito unapanda, maziwa yanatosha, hata mtoto akilia. Kama haupandi, muuguzi anaangalia kwanza jinsi mtoto anavyoshika titi, na anamuomba mama amnyonyeshe mara nyingi zaidi, hasa usiku, mbele ya kufikiria kitu kingine.

Jibu hilo ni refu kuliko picha ya kopo, na ndani ya kundi linashuka haraka chini ya ujumbe mwingine. Admini anaweza kulibandika juu, mahali ambapo kila anayeingia atalisoma kwanza.